Chombo cha Msiba Hakisimami

Shemeji yangu Asteria analipwa mshahara ili aogope. Sisemi hivyo kwa kumdhihaki, ingawa kumdhihaki ni haki yangu kabisa, maana nimemwoa mdogo wake, na shemeji asiyetaniwa hukonda. Nasema ilivyo. Mimi Ladislaus nalima kahawa hapa Litembo. Yeye anatafiti usalama wa mipaka na jinsi nchi yetu inavyokaa na majirani zake. Wakubwa wakitaka kujua mpakani kuna nini, taasisi moja ya Dar es Salaam humtuma Asteria aende akaogope kwa niaba yao, kisha arudi awaandikie. Kazi ndiyo hiyo, na ameifanya tangu nywele zake zote zikiwa nyeusi.

Ukimwona hutadhani. Ni mwanamke mwembamba, mwenye miwani, na sauti yake ni ya chini mpaka kuku hawashtuki akiita. Akija kwangu huchagua kiti kinachoutazama mlango, na kikiwa kimekaliwa husimama mpaka mwenye kiti aone aibu. Mwanzoni nilidhani ni maringo ya mjini. Mke wangu, Glorious, akaninong'oneza, "Mwache dada, Baba Joakim. Ndivyo anavyopumzika."

Kwao ni ufukweni, kusini ya Mbamba Bay, karibu na pale nchi yetu inapokwisha na Msumbiji inapoanza. Ni Waanglikana wa ukoo mrefu, wavuvi wa usipa, dagaa wa ziwani, wanaoimba vizuri kanisani na kutudharau sisi watu wa milimani kwa sababu hatujui kuogelea. Asteria akiwa darasa la nne, baba yao alitoka kuvua, upepo ukausukuma mtumbwi wake, na watu wenye bunduki wakamchukua wakisema amevuka mpaka. Wiki zikapita bila habari. Mama yao, Mama Gertrude, alikuwa ameshaanza kuvaa nguo za ujane pale mzee aliporudi kwa miguu, amenyolewa, na tangu hapo akawa mtu wa kuitikia tu. Mtoto akamuuliza, "Baba, mpaka wenyewe uko wapi?" Mzee akaonyesha maji kwa kidevu, akaingia ndani.

Swali hilo hakuliacha. Alilipeleka shuleni, na mwalimu akamwambia kwamba hata wakubwa hawajakubaliana. Sisi tunasema mpaka wetu na Malawi unapita katikati ya ziwa. Wenzetu wanasema unapita ufukweni kwetu, palepale kina mama wanapooshea vyombo. Asteria aliniambia kwamba jioni ile alishuka ufukweni na sufuria ya ugali, akaingiza mguu mmoja majini, akautoa, akauingiza tena. Tangu siku hiyo, alisema, hajawahi kuosha sufuria kwa amani.

Basi akasoma. Songea, kisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kisha nje, yote ni mambo ya mataifa na mipaka. Mauaji yalipoanza kaskazini ya Msumbiji, taasisi yake ikamtuma kando ya mto Ruvuma, kutoka Tunduru hadi kule Mtwara, akazungumze na watu waliovuka na watoto mgongoni. Ana namna yake ya kuuliza. Hamuulizi mtu kama kwao kuna amani, maana mtu akiulizwa hivyo hujibu anachodhani unataka kusikia. Anauliza chumvi inauzwaje. Chumvi ikipanda ghafla, ujue njia imefungwa, na njia haijifungi yenyewe. Hapigi picha, na hataji jina la mtu aliyezungumza naye, hata kwetu, hata akiwa amekunywa divai ya Krismasi.

Mwaka mmoja, baada ya ripoti iliyowaudhi watu asiowajua, alipigiwa simu na sauti ya kiume iliyomwamkia kwa adabu, ikamuulizia hali, kisha ikasema, "Pazia lako jipya la bluu limependeza." Pazia alikuwa amelitundika asubuhi ileile. Akahama nyumba. Alipotusimulia, mimi nilikuwa Litembo, mbali na Dar es Salaam kwa safari ya siku nzima na zaidi, lakini nilisimama nikafunga dirisha.

"Shemeji, kwa nini usiache?" nilimuuliza. "Njoo hapa ulime kahawa. Huku anayetuogopesha ni mnunuzi tu."

"Wasioogopa ndio wanaochora mipaka, shemeji," akasema. "Mmoja wetu lazima awepo pale mezani akiwa anaogopa."

Nilimwongezea chai.

Sasa nieleze jambo la kitenge, maana bila hilo hutaelewa tulichokiona mwaka huu. Watu wa ziwani wana ndugu pande zote za maji, na kifo hakingoji pasipoti. Kwa hiyo wana utaratibu wao wa tangu zamani. Chombo kinachokwenda kuzika hufungwa kitenge cha mwanamke mkubwa kuliko wote waliomo, kwenye kijiti, mbele kabisa. Chombo hicho hakiulizwi na mtu. Wavuvi wakikiona huinua makasia, na askari wa doria, wa upande wowote, walikuwa wakikipisha. Chenyewe nacho hakisimami njiani. Waliomo hawasalimii, hawajibu, hawageuzi shingo wakiitwa, mpaka wafike kwenye msiba na walie kwanza. Kusimama njiani ni kumwacha marehemu peke yake. Jambo moja tu linaweza kukirudisha, nalo ni kifo kingine nyumbani kilikotoka. Msiba wa karibu humeza wa mbali. Haya nilifundishwa nilipooa, pamoja na mengine mengi ya kunikumbusha kwamba mimi ni mtu wa mlimani.

Mwaka juzi Asteria alisimama kwenye semina moja kubwa, mbele ya wakubwa wa nchi kadhaa, akawasimulia habari ya kitenge. Alifanya hivyo kwa mapenzi. Alitaka wajue kwamba watu wa kwao wameilinda amani bila bunduki, na kwamba amani ya namna hiyo isichezewe. Walimpigia makofi. Lakini mwenzako ukimwambia mila, yeye anaweza kusikia mwanya. Baada ya muda, askari wazoefu waliokuwa wakipisha misiba walihamishwa, wakaletwa wageni wasiojua samaki wetu, usipa wala mbasa. Hakuna aliyemwambia Asteria kwamba mambo hayo mawili yanahusiana.

Mwezi wa saba mwaka huu, kahawa ikiwa imeiva, Glorious alijifungua katika hospitali yetu hapa Litembo. Alipata shida. Damu ilimtoka nyingi, na kwa siku mbili nilikuwa mtu wa kuzunguka jengo la hospitali nikisali rozari bila kujua nimefika tendo gani. Mungu alimwacha hai. Asteria alichukua likizo, akaja nyumbani kwetu kumtunza mzazi. Mama Gertrude naye alikuwa akijiandaa kuja, ndipo zilipomfikia habari kwamba dada yake mkubwa, Katarina, aliyeolewa ng'ambo upande wa Msumbiji, amefariki. Akaahirisha safari ya kuja kwetu. Alitupigia jioni akasema kesho watavuka kwenda kuzika, kisha akazima simu kama inavyotakiwa.

Asubuhi yake nilikuwa kwenye vichanja nikigeuza kahawa, Asteria akiwa karibu yangu, simu yake ikaita. Akasikiliza. Hakusema neno zaidi ya "lini" na "nani ametoa." Alipokata, alinishika shati. Nimewahi kumwona akiogopa kwa ajili ya kazi, lakini siku hiyo ilikuwa hofu ya mtoto.

Tuliingia ndani akatueleza mimi na Glorious. Wiki iliyopita boti la doria lilikisogelea chombo chenye kitenge, na waliokuwemo chomboni wakawafyatulia askari risasi wakakimbia. Hawakuwa wafiwa. Sasa imetoka amri kwamba chombo chochote chenye kitenge kiamriwe kusimama, na kisiposimama kipigwe risasi. Amri imeanza leo.

"Lakini chombo cha msiba hakisimami," Glorious akasema kutoka kitandani, mtoto akiwa kifuani.

"Hawajui," akasema Asteria. "Mimi ndiye niliyewaambia habari ya kitenge. Niliwaambia kinavyoheshimiwa. Hilo la kutosimama sikulisema."

"Kwa nini hukulisema?"

"Nani anasema kwamba maji yanalowesha? Sikukumbuka kwamba kuna mtu asiyejua."

Nimefikiria sana jibu hilo. Mgeni angeandika mila yote, mwanzo hadi mwisho, kwa sababu yote ingemshangaza. Asteria, kwa kuwa amezaliwa nayo, aliacha neno moja, na neno hilo sasa lilikuwa limebeba roho ya mama yake.

Akampigia tena yule aliyempa habari ile. Huyo akasema amri ya namna hiyo haifutwi kwa simu, tena ni Jumapili, wakubwa hawapatikani. Akampigia mwenyekiti wa kijiji, simu imezimwa. Nikamwambia avae viatu. Nilimwacha Glorious ananyonyesha, jirani akiwa amekaa naye, uso wake bado mweupe wa kupungukiwa damu. Kumwacha kuliniuma, lakini asingekuwa mke wangu kama angenizuia.

Tulipanda bodaboda moja, tumepangana kama mshikaki, mimi nikiwa nyuma kabisa nimeishika pikipiki kwa vidole. Tulifika Mbinga mavumbi matupu. Tukakodi gari la kwenda Mbamba Bay, na Asteria akaanza kumtafuta Mwanahawa, mama mwenye duka pale kijijini kwao, maana duka lake lipo juu kidogo na mtandao hulifikia ukipenda. Alipokea tukiwa tunaanza kushuka.

"Wanatia mizigo chomboni," akasema Mwanahawa.

"Dada yangu, kimbia. Waambie wasiondoke. Mwambie mama kwamba mimi Asteria nimesema wasi..." na mtandao ukakatika.

Barabara ile inateremka kwa kona juu ya kona, na ziwa linaonekana chini. Siku nyingine ningesema ni zuri. Siku hiyo nililichukia. Upepo wa kusini, mwera wanavyouita, ulikuwa umelichafua, mapovu meupe yanaonekana hata kutoka juu. Asteria alikaa mbele akimwambia dereva apunguze mwendo kwenye kona, kisha aongeze, kisha apunguze, mpaka dereva akamuuliza kama anataka kuendesha yeye. Simu ikaita tena. Ni Mwanahawa, anahema.

"Nimewakuta wameshasukuma. Nimewaita mpaka sauti imekauka. Hawageuki, mdogo wangu. Si unajua."

Mbamba Bay tulimkuta Hamphrey, mtoto wa mjomba wao, ana boti la mbao lenye injini, mtu wa maneno machache na yote makali. Asteria akamweleza. Hamphrey akatema mate kando.

"Kufukuza chombo cha msiba ni mkosi, dada. Hata mwehu hafanyi."

"Wakipigwa risasi itakuwa nini?"

"Shangazi amenibakia mmoja tu," akasema, akaingia majini kushika boti. Kisha akanitazama. "Na huyu wa milimani anakuja kufanya nini?"

Nilikuwa najiuliza hilohilo. Mimi maji yangu ni ya kunywa na kunawa. Lakini nisingeweza kubaki nchi kavu nikamrudia mke wangu na kusema, dada yako alikwenda, mimi nilingoja. Nikaingia. Nikakaa chini kabisa, nikashika ubao kwa mikono yote miwili, na kila wimbi lilipotuinua nilimwomba radhi Mungu kwa jambo jingine.

Tulikwenda muda mrefu tukiifuata pwani kusini. Maji yalitupiga usoni. Asteria alisimama mbele, kashika kamba, miwani imejaa matone, hafuti. Mwishowe Hamphrey akanyoosha kidole. Mbele yetu, karibu na rasi ya mawe, ulikuwepo mtumbwi mrefu, wanaume wawili wanapiga kasia, kina mama wamekaa katikati wamejifunika vichwa. Mbele kitenge cha zambarau kilipeperuka. Na upande wa pili wa rasi, boti la kijivu lilikuwa linatoka taratibu.

Sitasema ni la nchi gani. Mwenye bunduki akiwa amekuelekea, bendera huitazami.

Hamphrey akafungua injini yote. Tulipofika umbali wa kusikika Asteria akaita, "Mama! Simameni! Wana amri ya kupiga!" Akaita kwa Kiswahili, akaita kwa Kinyasa. Nilimwona Mama Gertrude, namjua hata kwa mgongo. Mabega yake yalitingishika kidogo, kwa hiyo alisikia sauti ya mwanawe. Hakugeuka. Wale kina mama wakaanza kuimba wimbo wa kanisani, polepole, sauti zote nne zimekaa mahali pake, ili wasisikie zaidi.

"Wapitie mbele," nikamwambia Hamphrey.

"Nikiwakata na mawimbi haya nitawazamisha mimi kabla ya risasi."

Kipaza sauti cha boti la kijivu kikanguruma. Simameni. Zimeni injini. Injini yenyewe hawakuwa nayo. Wapiga kasia hawakupunguza hata kidogo. Kikanguruma mara ya pili. Nikamwona askari aliyekuwa mbele akipiga goti, akaiweka bunduki begani, na mwenzake nyuma yake akafanya vilevile. Walikuwa vijana. Hata kutoka pale niliona kwamba nao wanaogopa, maana wenzao walishapigwa risasi kutoka chombo chenye kitenge kama kile. Hilo lilinitisha kuliko bunduki zenyewe.

Hapo Asteria akaweka mikono kichwani, akapiga yowe.

Si kelele ya kuita. Lilikuwa yowe la msiba, lile refu linaloanza juu na kushuka, ambalo kila mtu wa ziwani hulijua kabla hajajua kuongea. Likafuatiwa na maneno ya Kinyasa. Kinyasa changu ni cha kuombea chumvi mezani, lakini niliyaelewa mawili. Moja lilikuwa jina la mke wangu. La pili lilikuwa kufa.

Makasia yakasimama.

Wimbo ukakatika katikati ya mstari. Mama Gertrude akageuka, akasimama ndani ya mtumbwi unaoyumba, akamtazama Asteria, kisha akanitazama mimi. Sijui aliona nini usoni kwangu. Mimi nilikuwa nimeamini. Nilifikiri simu imeingia wakati mimi nasali, na Asteria amenificha, kwa sababu nilimwacha Glorious amepauka na damu ile ilikuwa imetoka siku si nyingi zilizopita. Asteria hakunitazama. Aliendelea kulia jina la mdogo wake. Na kwa kuwa niliamini, nami nikalia, na mama mkwe wangu alipoona mume analia, akaamini. Akaanguka magotini mwa wenzake.

Boti la kijivu likatufikia. Bunduki zilikuwa zimetuelekea sote, na tuliambiwa tuinue mikono, nikainua, nikiwa siwaoni kwa machozi. Wakapekua mtumbwi. Wakakuta unga, kuku wawili wamefungwa miguu, sanda mpya, na wanawake wanaolia mpaka wanashindwa kuvuta pumzi. Askari mmoja alikishika kitenge, akakiachia. Aliyekuwa na kipaza sauti akakiweka chini. "Poleni," akasema kwa mdomo mtupu. "Geuzeni mrudi. Leo hakuna kuvuka."

Njia ya kurudi siwezi kuieleza vizuri. Mtumbwi ulitangulia, sisi nyuma, na kina mama sasa walikuwa wanamlilia mke wangu. Simu yangu haikuwa na mtandao. Niliinua juu kila mara, kama mtu anayemwonyesha Mungu kitu. Nilimwita Asteria kwa jina, si shemeji, akanionyesha kwa kiganja ninyamaze. Boti la kijivu lilikuwa linatusindikiza, na sauti juu ya maji husafiri. Sasa naelewa. Wakati ule nilitaka kumsukuma ziwani.

Tuliposhuka ufukweni kwao, simu ikatetemeka mkononi.

"Baba Joakim," Glorious akasema. "Mmewapata?"

Nilikaa kwenye mchanga. Nikasema, "Ndiyo," nikasema tena, "Ndiyo, mke wangu." Kwetu mtu hampi mama mkwe wake kitu mkono kwa mkono, kwa hiyo nilimpa Hamphrey simu, naye akampa Mama Gertrude, akaiweka sikioni. Mama alisikiliza. Akasema, "Mtoto anaendeleaje?" Akasikiliza tena. Akamrudishia Hamphrey simu, akajipangusa mchanga magotini kwa utaratibu mrefu.

Kisha akamwita Asteria, akampiga kofi moja. Miwani ikaruka.

"Umemwitia kifo mdogo wako aliye hai," akasema. "Mzazi. Mtoto bado hajakauka kitovu."

Asteria hakuiokota miwani. Alipiga magoti akamwamkia, "Shikamoo mama," nadhani kwa sababu hakujua aanze wapi, na mama hakuitikia. Akamwambia yote, amri, semina, kitenge, na neno aliloliacha. Alilia, alisema anaogopa, alisema tangu asubuhi amekuwa akiuona mtumbwi ule umejaa damu. Hakujitetea. Mimi ningejitetea.

Mama Gertrude alimsikiliza mpaka mwisho. Hasira ilikuwa imemtoka, na kilichobaki kilikuwa kigumu zaidi kukitazama. Alikuwa mwanamke mzee tu, aliyelowa, mwenye dada aliyekufa ng'ambo.

"Umenirudisha hai," akasema. "Nimekushukuru. Lakini Katarina anazikwa kesho asubuhi, na mimi ndiye niliyebaki wa tumbo moja naye. Atafukiwa na wakwe." Akakaa juu ya mchanga, akauvuta mzigo wake mapajani. "Wewe umesoma mipaka yote, mwanangu. Watu wa mataifa wanakuita uwafundishe. Haya, nivushe."

Asteria akapanda hadi dukani kwa Mwanahawa, kwenye mtandao, akaanza kupiga simu. Tulimsikia kutoka chini. Alipiga kwa Kiswahili, akapiga kwa Kiingereza, akapiga kwa Kireno cha kuungaunga, akiwataja kwa vyeo watu waliomkaribisha mezani kwao miaka yote hiyo. Wengine walipokea. Walimpa pole, wakamuuliza anaendeleaje, wakamwambia asubiri ofisi zifunguliwe Jumatatu. Jua lilizama akiwa bado anapiga, na mama yake alikuwa bado amekaa palepale ukingoni mwa maji, viatu amevivaa, akingoja kuvushwa.